Karanga ya Kumi na Moja

Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 17 Oktoba 2025, katika chumba cha ghorofa ya pili cha hospitali, ilisikika sauti moja tu, tik, ya karanga yenye ganda ikiwekwa juu ya trei ya chakula, na bibi yangu Vernell, aliyekuwa amesinzia kwenye kiti, akafumbua macho, akaitazama trei ile, akaanza kulia. Kwa nini alilia nitaeleza, lakini kwanza, Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani na nyote mliofika, naomba niwasomee kwa niaba ya familia maisha ya babu yetu tangu mwanzo wake, mimi Corinne, mtoto wa binti yake Patrice.

Marehemu Hosea Lamar Gilyard alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 hapa Sorrell Springs, Alabama, mtoto wa kwanza wa Bwana Ambrose Gilyard, mkulima wa karanga, na mkewe Lutie, na miaka miwili baadaye alizaliwa mdogo wake wa kiume, na nyumba ile haikupata mtoto mwingine. Baba yao alipofariki mwaka 1961, Hosea ndiye aliyekuwa akimwamsha mdogo wake asubuhi, akimpikia uji wa mahindi, akimfundisha kumkamata mtu kwa bega na kukilinda kichwa, huko shambani katikati ya matuta, ambako ukiangushwa unainuka na udongo mwekundu mdomoni.

Alisoma shule ya watoto weusi ya hapa Sorrell Springs, akamaliza Mei 1966, akajiunga na Chuo cha Pruitt, akahitimu shahada ya jiografia Mei 1970. Hapo Pruitt alicheza mpira, ule wetu wa Kimarekani, wa kofia ngumu na pedi za mabegani, na msimu wa 1969 safu ya ulinzi ya Pruitt, watu kumi na mmoja, wanne mbele, watatu kati, wanne nyuma, ilikuwa haipitiki. Babu alisimama katikati, na nyuma kabisa, mtu wa mwisho kabla ya mstari wa goli, alisimama mdogo wake. Miaka mingi baadaye aliwaambia wanafunzi wake, "Mnaniona nilikuwa jasiri, lakini nilijirusha kama mwehu kwa sababu nilijua nikikosea, nyuma yupo mtu."

Ng'ambo ya mto kulikuwa na Chuo Kikuu cha Ellard, chenye uwanja mkubwa na jina kubwa, ambacho hadi wakati huo hakikuwa kimemvalisha jezi yake kijana mweusi hata mmoja. Januari 1971 Ellard walimwita mdogo wake, wakampa nafasi ya kusoma bure, naye akakubali, na maneno yaliyosemwa siku ile jikoni kwa mama yao familia yetu inayajua kwa moyo, kwa sababu bibi Vernell, wakati huo mchumba, alikuwa akimenya viazi pembeni.

"Tulimwahidi mama tutamalizia wote Pruitt," babu alisema. "Leo wamekuita, unakwenda mbio. Miaka yote hiyo walikuwa hawatuoni?"

"Kaka, simkimbii mtu. Wao ndio walikuwa wanatukwepa. Sasa nataka nisimame mbele yao waniangalie usoni."

"Basi vuka. Lakini jina lako lisirudi mezani kwangu."

Akavuka. Tarehe 12 Juni mwaka huohuo babu alifunga ndoa na Vernell Tubbs katika kanisa hili hili, akasimama bila mpambe, kwa kuwa aliyepangwa kuwa mpambe hakualikwa, na alipoletewa mtu mwingine alisema, "Acheni, nafasi hiyo ina mwenyewe." Walijaliwa watoto wawili, Patrice, aliyezaliwa tarehe 4 Februari 1973, na Royce, tarehe 30 Agosti 1976, na wajukuu watano.

Kuanzia Septemba 1970 hadi alipostaafu Juni 2010 alifundisha jiografia katika shule ya sekondari ya hapa, na jioni alifundisha safu ya ulinzi, na wengi wenu mliokaa humu leo na suti zenu mmewahi kuambiwa naye, "Wewe, unamkumbatia huyo kama shangazi yako, mwangushe!"

Kazi yake nyingine, isiyokuwa na mshahara, aliifanya barazani kila Jumapili baada ya ibada, pamoja na rafiki yake Thaddeus Battle, kinyozi, ambaye namwona pale mbele na tai ya njano. Walilinganisha safu za ulinzi za enzi mbalimbali. Walimwaga karanga mezani, wakapanga safu mbili zikitazamana, Pruitt ya 1969 upande mmoja, upande wa pili Ellard ya 1992, au ya 1980, au hii ya vijana wa leo, na sheria ilikuwa moja tu, kwamba mtu haweki karanga mpaka ataje jina la mchezaji.

"Hosea, hao watu wako walikuwa wembamba kama mafagio," Bwana Battle alizoea kuanza. "Vijana wa 1992 wangewapanda kama ngazi!"

"Thaddeus, vijana wako wakikimbia hatua ishirini wanaletewa maji na taulo. Sisi maji tuliyaona siku ya kubatizwa."

"Na hawa wa leo, wakubwa kama jokofu, wanakimbia kama gari?"

"Gari lisilo na breki. Wape mpinzani mmoja anayejua kugeuka, hao wote utawaokota kwenye uzio."

Hata hivyo alikuwa mwadilifu katika ubishi wake, alikubali kwamba siku zake mpira ulirushwa mara chache, na kwamba wa leo wanalinda eneo pana kuliko walilolinda wao, ila alikataa kabisa kusikia rekodi za Ellard za kale, akisema safu isiyowahi kukutana na Pruitt haijui ilikuwa nzuri kiasi gani, mto ulikuwa katikati.

Lakini safu yake mwenyewe ilikuwa na karanga kumi. Alitaja jina, akaweka, akataja, akaweka, na alipofika nyuma kabisa aliacha pengo, na Bwana Battle akimwambia, "Mzee, umeacha mlango wazi," alijibu, "Hapo usipaguse." Mimi nilikua nikiamini kwamba walinzi ni kumi, na darasa la nne nilibishana na mwalimu mbele ya wenzangu hadi mama akaitwa shuleni.

Safu iliyomsumbua zaidi ilikuwa Ellard ya 1972, ambayo mdogo wake aliichezea. Bwana Battle akianza kuipanga na kufika nyuma, babu aliinuka kwenda kunywa maji, kwa hiyo nayo ilibaki na kumi. Siku moja Bwana Battle alimkaba, "Sema ukweli, 1972 ilikuwa nzuri au haikuwa nzuri?"

"Ilikuwa na watu kumi wa kawaida tu."

"Sasa mbona haikupitika?"

Akaenda kunywa maji.

Bibi ameniruhusu niseme jambo jingine, kwamba vuli ile ya 1972 babu alitazama kila mechi ya Ellard iliyoonyeshwa kwenye runinga, akiwa amekaa karibu na kioo, na sauti ameizima, ili mtangazaji asimtajie jina ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelifukuza. Mdogo wake alihamia Dayton, Ohio, akawa mwalimu, akaja kumzika mama yao mwaka 1988, wakasimama kila mmoja upande wake wa kaburi, wakatupa udongo, wakaondoka.

Tarehe 21 Septemba mwaka huu babu alipatwa na kiharusi akiwa barazani, kikamchukua mkono wa kulia na maneno yote. Royce alimpelekea karanga hospitalini ili afanye mazoezi ya mkono wa kushoto, naye akazipanga kila siku, kumi, bila kutaja majina, kwa kuwa hakuweza. Usiku ule nilioanza nao, aliweka ya kumi na moja, nyuma kabisa.

Bibi alipiga simu Dayton kabla hakujapambazuka. Jumamosi mchana mdogo wake aliingia, mzee wa miaka sabini na mitano, kofia mkononi, akasimama mlangoni, na babu akamwonyesha trei kwa kidole. Akaikaribia, akaitazama karanga yake kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kaka, umenisogeza mbele mno. Mimi nilikuwa nasimama hapa," akaivuta nyuma. Babu akatikisa kichwa, akairudisha mbele. Yule akaivuta tena. "Nilikuwepo, wewe ulikuwa umenipa mgongo, ungeniona vipi?" Babu akacheka, cheko la upande mmoja wa mdomo, na walibishana hivyo kwa vidole mpaka chakula cha jioni kilipoletwa, na muuguzi akaambiwa atafute trei nyingine.

Babu alifariki Jumatatu, tarehe 20 Oktoba, saa kumi na mbili asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mdogo wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, pamoja na aliyetafuta ile trei nyingine, walimu aliofanya nao kazi, kina mama wa kanisa waliopika tangu jana, majirani waliokata majani ya uwanja wetu bila kuombwa, na Bwana Battle, aliyemnyoa kwa mara ya mwisho na kukataa kusaidiwa na mtu.

Limebaki jambo moja. Karanga imewekwa na jina halijatajwa, na mdogo wake alipoombwa alisema, "Siwezi kujitaja, sheria ni ya anayeweka." Kwa hiyo bibi amenituma mimi niitimize sheria kwa sauti ya babu, mbele yenu, na mbele yake aliyekaa benchi la mwisho karibu na mlango, kana kwamba hajui kama nafasi ya mbele ni yake.

Mbele: Nettles, Cato, Big Earl, Sims. Kati: Purifoy, Hosea Gilyard, Dozier. Nyuma: Moody, Tate, Shorty Banks.

Pumzika kwa amani, babu, nyuma yako yupo mtu:

Linwood Gilyard.