Lukasi Nampunju na Maili Nne za Tuta la Reli

Baba Paroko, ndugu Mwenyekiti wa tawi, wazee wetu, wafanyakazi wenzake wa bandarini na majirani wa Rahaleo, mimi ni Sabina, mdogo wake wa mwisho, familia imenituma kuwasomea maisha ya kaka yetu, na naomba mnivumilie, maana karatasi niliyoandikiwa jana na wajomba zangu sikuweza kuisoma kama ilivyo, na sababu mtaisikia.

Lukasi Joakimu Nampunju alizaliwa Ndanda tarehe 18 Oktoba 1938, sikukuu ya Mtakatifu Luka, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa mzee Joakimu na mama Sesilia, ambao wote wametangulia. Baba alikuwa kibarua wa reli ya karanga, ile iliyotandikwa Waingereza walipodhani kusini yote itaota karanga, na Lukasi ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula, kisha hataki kurudi nyumbani mpaka garimoshi lipite, na mama alikuwa akilalamika kwamba mtoto huyu ukimtuma, ugali wake nyumbani unapoa, yeye anasubiri upepo wa garimoshi umpige usoni.

Alisoma Ndanda hadi darasa la nane, mwaka 1954, akaenda Ifunda kujifunza ufundi wa magari, na tarehe 3 Februari 1958 akaajiriwa katika karakana ya bandari ya Mtwara, ambako alitengeneza kreni na malori mpaka ugonjwa ulipomzuia. Tarehe 4 Julai 1964 alifunga ndoa na mwalimu Veronika wa shule ya msingi Magomeni, ambaye tunamwona hapa mbele, Mungu akawajalia watoto wawili, Josephu mwaka 1966 na Anastazia mwaka 1969.

Wakati huo reli ilikuwa imekwisha kung'olewa, limebaki tuta tupu, limenyooka, gumu, na mwaka 1971 kaka alinunua kwa mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuwa akirejea kwao gari dogo la Kifaransa, lile lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, injini yake imekufa, kuku wametaga ndani. Wenzake wa karakana waliliita Kiberiti, kila asubuhi wakimuuliza, "Fundi, Kiberiti kimewaka?", naye akijibu, "Subirini, kitawachoma ndevu." Alilifanyia kazi miaka minne, kila siku baada ya saa za kazi, alikwangua silinda hedi ili injini ibane zaidi, akafunga kabureta kubwa aliyoiokota kwenye lori lililopinduka njia ya Nanyamba, akashusha bodi karibu na ardhi, akang'oa viti vya nyuma ili gari liwe jepesi, na kwa kuwa breki shuu, zile pedi za kushika gurudumu, zilikuwa hazipatikani dukani, akachemsha mafuta ya maganda ya korosho mpaka yakawa lami, akachanganya na nyuzi za katani, akabandika kwenye breki, mikono ikambabuka malengelenge, shemeji Veronika akawa anamlisha kwa kijiko kama mtoto mchanga huku akimwambia, "Baba Josephu, hata korosho yenyewe inakukataa."

Alitaka nini? Alitaka kitu kimoja, kupimwa, yaani aende na kurudi juu ya tuta, maili nne kwenda na maili nne kurudi, kwa saa, mbele ya watu, ajue mikono yake imefikia wapi. Aliandika maombi ofisi ya tawi mara sita, akajibiwa mara sita kwamba mbio za magari ni anasa, na ndugu Mwenyekiti, uliyekuwa na haki ya kuuliza, ulimuuliza hadharani, "Ndugu Lukasi, wenzako wanajenga vijiji, wewe unakimbilia wapi?", naye akasema, "Sikimbilii popote, Mwenyekiti, si nimeandika hapo nitarudi?", mkutano mzima ukacheka, na wewe ukacheka, na ombi la saba likapita.

Siku ilikuwa Jumapili tarehe 7 Septemba 1975, ruhusa mwisho saa nane mchana, kwa sababu ya ile amri ya kubana mafuta inayosema baada ya saa nane ya Jumapili gari la mtu binafsi halitakiwi barabarani, na petroli yenyewe aliilimbikiza lita moja moja tangu Pasaka. Saa ilishikwa na ndugu Selemani Issa, karani wa bandari, na saa sita na nusu kaka aliondoka, mimi nikiwa likizo nimesimama pale pale, nikaona vumbi jekundu likijichora kwenye tuta, nikasikia injini ile ikiimba mpaka ikapotea, na alipofika mwisho bendera zikainuliwa moja baada ya nyingine kutoka huko mpaka kwetu, Selemani akaandika dakika tatu na sekunde arobaini na moja.

Sasa alikuwa amegeuza gari, analiacha lipoe kidogo kabla ya kurudi, ndipo alipotokea ndugu Ismaili kutoka shamba la muhogo, anakimbia miguu mitupu, mkewe Zuhura ana uchungu tangu jana yake na mkunga ameshindwa, na gari lililokuwa karibu ni hilo moja. Kaka hakuuliza swali, walimlaza Zuhura nyuma, pale palipong'olewa viti, wakateremka tutani kushika njia ya hospitali, mtoto akazaliwa salama, na kaka aliporudi pale mwisho wa tuta ilikuwa saa nane na robo. Alisimama kando ya gari akatazama tuta, Selemani, aliyekuwa amemfuata huko kwa baiskeli, akamwambia, "Fundi, robo saa tu, nani atakuona?", akasema, "Nimeomba mpaka saa nane." Ombi la nane, la tisa na la kumi hayakujibiwa.

Hapa ndipo wajomba zangu waliponitaka nisome kwamba marehemu alitengeneza gari lile kwa moyo wa kusaidia wagonjwa. Wazee wangu, shikamooni, lakini si kweli. Zuhura alisaidiwa kwa moyo wa kaka yangu, moyo huo alikuwa nao hata kabla ya gari, gari alilitengenezea mbio, alizitamani kwa miaka minne na akaendelea kulitamani tuta mpaka kufa, na kama tamaa ya fundi ya kujua kazi yake ni aibu, basi nielezeni aibu hiyo iko wapi, mimi nimeitafuta sijaiona.

Alianza kukohoa Aprili 1976, akalazwa mara tatu, daktari alisema mapafu, hakusema moshi wa korosho, kwa hiyo wanaonong'ona kwamba Kiberiti kimemuua naomba wanyamaze. Wodini hakuuliza habari za dunia, aliuliza upepo wa leo unatoka wapi, nikisema kusini anasema, "Basi kurudi kungekuwa kuzuri, ungenisukuma mgongoni." Alifariki Alhamisi tarehe 17 Machi 1977, saa tatu asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Rahaleo waliotupikia siku zote hizi, wenzake wa karakana waliochonga jeneza, ndugu Ismaili na Zuhura waliokuja na mtoto wao, na ndugu Selemani, ambaye jana aliombwa aongeze namba kwenye karatasi yake ili ionekane fundi alimaliza, akakataa, kwa hiyo nawasomea kama ilivyoandikwa siku ile: kwenda, dakika tatu na sekunde arobaini na moja, kurudi, haikupimwa.

Kaka Lukasi, katika njia hii ya leo hakuna karani wa kukushikia saa wala ofisi ya kukunyima ruhusa, nenda utakavyo, kisha upumzike, na amani ya Mungu ikulaze.