Picha Tatu za Kinywa cha Hippolyte

Padre, wazazi wetu, majirani wa Lubaga na nyote mliokuja kulia nasi, mimi ni Huguette, dada mdogo wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitasoma hata yale niliyoambiwa niyaruke.

Hippolyte Mugaruka alizaliwa tarehe 3 Machi 1985 huko Kadutu, Bukavu, mtoto wa kwanza wa mzee Josias, akasoma hukohuko hadi sekondari, akafika Kampala kama mkimbizi mwezi Juni 2009, akaajiriwa kuosha vifaa katika kliniki ya meno Old Kampala. Tarehe 14 Desemba 2013 alifunga ndoa na Pélagie, wakajaliwa mtoto mmoja, Tresor.

Mwaka 2019 alifundishwa kutumia skana ya kinywa, kijiti chenye kamera kinachopitishwa juu ya meno na ufizi hadi kinywa kizima kinaonekana kwenye kompyuta, na mgonjwa akirudi baada ya miezi kadhaa picha mpya hulazwa juu ya ile ya zamani, palipobadilika pakawa pekundu. Ili kuipima mashine alijipiga picha mwenyewe kila Januari na Julai, kwa kuwa kinywa chake, alisema, hakina jipya.

Tarehe 10 Januari 2023 picha ilikuwa safi. Tarehe 10 Julai wekundu ulitokea kwenye ufizi wa chini, kushoto, mwenzake kazini, Sharifah, akamsihi aende hospitali, naye akamjibu, "Mashini njo inakosea, miye niko muzima," akairekebisha. Tarehe 9 Januari 2024 wekundu ulikuwa umeenea, akairekebisha tena. Mwezi Machi madaktari walikuta saratani ya taya, na tarehe 11 Novemba akatutoka.

Tangu siku hiyo mnanong'ona kwamba Sharifah alimlisha sumu. Uji wake alianza kumletea Aprili mwaka huu, kaka aliposhindwa kutafuna, na wekundu ulishakuwepo miezi tisa kabla. Picha zote tatu ninazo hapa, nilizitazama jana, na nina aibu, kwa sababu Jumanne nilimwaga chakula alichotuletea, watoto wake wakiona.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake wote. Sharifah, najua umesimama nje ya geti, ingia uketi na Pélagie, maana aliyekukataza kukanyaga hapa ni mimi.

Kaka, pumzika kwa amani, mashine yako haikukosea.