Siku Waliyotaka Kubomoa Dari ya Eliya

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe na wenye furaha, asifiwe na sisi wenye uchungu! Mwinjilisti amenipa dakika kumi na tayari namwona anaitazama saa. Nivumilie, baba, mimi nimevumilia miaka miwili. Ndugu zangu, nasema mapema ili asije mtu akalalamika mlangoni: anayesubiri ushuhuda mtamu, wa mgonjwa aliyeombewa akainuka akaleta mbuzi wa shukrani, leo hana bahati. Mume wangu hakuinuka. Tulimzika.

Mimi ni mjane wa Eliya, fundi dari. Wengi wenu mnalala chini ya kazi ya mikono yake. Tuliishi Pangani, hapa hapa Kibaha, katika ile nyumba kuukuu iliyojengwa zamani za wakoloni kwa ajili ya bwana shamba. Eliya aliipenda nyumba ile kwa sababu haikuwa na joto. Juu ya dari, chumba hadi chumba, walikuwa wametandaza kitu cha kijivu, laini mfano wa pamba iliyochambuliwa, ili kuzuia jua la bati. Kilikuwa asbesto. Sisi hatukulijua jina hilo. Sisi tulikiita pamba ya Mzungu, tukajiona tumebahatika.

Kila kiangazi Eliya alipanda darini na ufagio kufukuza popo na panya. Alishuka mweupe kichwa hadi miguu, mimi namcheka, namwambia nimeolewa na muuza unga. Nyumba nyingine za zamani zikiharibika dari aliitwa yeye, akakata bodi za dari za asbesto kwa msumeno, akarudi jioni na vumbi lile lile mashatini. Na mimi niliyachukua yale mashati, nikasimama uani, nikayakung'uta kwa nguvu zangu zote kabla ya kuyaloweka. Mtoto mgongoni! Tunu wangu, yule anayeimba sauti ya kwanza pale, alivuta vumbi lile akiwa hajajua hata kusema mama.

Kisha kikaja kikohozi, ndugu zangu. Kikohozi kikavu kisichoisha, halafu pumzi ikaanza kupungua. Mwanamume aliyekuwa akibeba ngazi begani akawa hawezi kutoka kitandani hadi chooni bila kupumzika njiani. Tukapima kifua kikuu, hakuna. Tukapima tena, hakuna. Mlimwekea mikono hapa madhabahuni, nawashukuru. Ila nyumbani kwao Vihingo, kule Kisarawe, ndugu zake walikuwa na subira fupi. Lisemwalo lipo, wakaambiana, na kama halipo laja. Wakaenda kwa mganga.

Mganga akawaambia kuna kitu kimefichwa darini, na aliyekificha ni mwanamke wa ndani.

Mwanamke wa ndani nilikuwa mimi peke yangu! Wifi yangu Marta, ambaye nilimsuka nywele siku ya harusi yake, alisimama sebuleni kwangu akasema kikulacho ki nguoni mwako. Alisema mbele ya mgonjwa. Eliya alitaka kujibu, akakosa pumzi ya kujibia.

Mwezi wa mwisho ndipo tulipompata daktari mmoja mama, huko Dar. Aliitazama picha ya kifua kwa muda mrefu, kisha akamuuliza, "Baba, ulikuwa unafanya kazi gani?" Miaka miwili, ndugu zangu, na hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo! Eliya akaeleza dari zote, popo, ufagio, msumeno. Yule mama akavua miwani. Akatuambia kwamba kile kitu ni nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, zikiingia kifuani hazitoki, zinakaa miaka na miaka zikiyatia mapafu makovu. Dawa ya kuyaondoa makovu hakuna. Akatuambia pia kwamba kama kitu kile kimetulia mahali pake, kisiguswe. Kisifagiliwe, kisikatwe, kisivunjwe, mlango wa dari ufungwe. Na kikilazimika kutoka, wakitoe watu waliofundishwa, tena kikiwa kimelowa maji. Kufunga khanga puani si kinga.

Niliwapigia simu Vihingo siku ile ile. Nilieleza neno kwa neno. Wakasema nimemlipa daktari.

Eliya alifariki wiki tatu baadaye. Tulimzika Vihingo, na pale msibani nilikalishwa kwenye mkeka wangu peke yangu, mjane mzima, kama mtu aliyepita njia. Uji niliopika ulimwagwa nyuma ya nyumba. Baadhi yenu mlikuwepo. Nasema mbele za Mungu, mliona, na mkaendelea kuimba. Sikuwasahau. Bwana ananisaidia, lakini bado hajamaliza.

Baada ya maziko waliniambia nisirudi Pangani mpaka familia ikae kikao. Nikaenda kwa dada yangu Mlandizi na begi moja na nguo za kazi za marehemu, maana hizo hakuna aliyezitaka.

Zikiwa zimebaki siku chache arobaini kufika, mchana, simu ikalia. Alikuwa Mama Shabani, jirani yangu wa Pangani, mama Mwislamu aliyenipikia futari yake wakati wenzangu wa kanisani wanavuka barabara wasinisalimie. Akaniambia, "Mama Tunu, shemeji zako wamekuja na ngazi na nyundo. Kesho asubuhi wanabomoa dari yote, wanatafuta hicho kitu. Wifi yako kaja na mtoto mchanga, wanalala humo humo."

Ndugu zangu, niacheni niseme kweli hata kama itawakera. Nilifurahi! Nilikata simu nikacheka peke yangu uani kwa dada. Nilisema moyoni, wacha wabomoe. Wacha kiwaangukie vichwani, wavute mpaka washibe. Waje wakohoe wao, nami nije msibani kwao nimwage uji. Mlioniita mchawi mngeuona moyo wangu mchana ule mngesema haya, tulisema nini. Nilikuwa nataka watu wafe, na kitu pekee nilichohitaji kufanya ni kunyamaza.

Nikarudi kwenye ndoo zangu. Nilikuwa nimeamua kufua nguo za Eliya. Nikachukua shati lake la kazi, lile la bluu, na mikono yangu kwa mazoea ikalinyanyua ili nilikung'ute. Nikakumbuka. Mikono ikaganda hewani.

Hasira iliyonipanda pale sijawahi kuijua. Nililia kwa sauti, dada akatoka mbio jikoni. Nililia kwamba yuko mtu aliyejua! Waliokitandaza kitu kile walijua, au waliokuja baada yao walijua, wapo waliosoma, wapo waliokaa ofisini wakajua, na hakuna aliyesema na fundi Eliya na mkewe mwenye mtoto mgongoni. Mtu alijua, akanyamaza, akaenda kula chakula chake. Nikamlaani mtu huyo.

Na pale pale, ndugu zangu, Bwana akanishika. Sikusikia sauti wala sikuona mwanga. Niliona tu kwamba mtu huyo sasa ni mimi. Nimejua, nimenyamaza, na mtoto wa Marta amelala chini ya dari ile.

Nililoweka shati taratibu bila kulikung'uta. Nikampigia Mama Shabani, nikamwomba amchukue Marta na mtoto walale kwake. Akaenda na kisingizio cha mbu. Asubuhi nikachukua bodaboda hadi Pangani.

Nilikuta ngazi imeegemezwa sebuleni, shemeji yangu Yona kavua shati, na jamaa mmoja wa kukodi amekwisha panda vidaraja vitatu na nyundo mkononi. Nilieleza upya. Nilieleza nyuzi, nilieleza makovu, nilieleza daktari. Nilipiga magoti, ndugu zangu, mbele ya mdogo wa mume wangu. Yona akacheka.

"Shemeji, vumbi? Mtu anakufa kwa vumbi? Basi sisi watu wa Vihingo tungekwisha zamani." Akamgeukia yule wa ngazini. "Piga. Anaogopa tutakiona."

Nyundo ikainuliwa. Nami nikaona maneno ya kweli yameisha kazi, hakuna aliyebaki wa kuyasikia. Nikasimama. Nikafuta magoti. Nikasema kwa sauti ambayo mpaka leo sijui niliitoa wapi: "Mmeniita mchawi, sawa. Basi mnisikie kama mchawi. Atakayeigusa dari hii hatafika uzee wake. Atakonda, atakosa pumzi, atakufa kama Eliya alivyokufa. Gongeni sasa, nione."

Yule jamaa akashuka ngazi upesi kuliko alivyopanda. Akasema, "Mimi nimeitwa kubomoa, sikuitwa kufa," akaenda zake, nyundo akaiacha. Yona akatoka kinyumenyume. Hawakufunga hata mlango, niliufunga mimi.

Mchungaji alinikemea sana kwa hilo, na ana haki. Mkristo hatishi watu kwa uchawi. Nimetubu. Lakini, mchungaji, nisamehe tena, mtoto yule anapumua. Na kila neno nililolisema daktari alikuwa amelisema kabla yangu. Nilipowaambia kwa upole hawakusikia, nilipolivaa jina walilonishonea wakasikia wote.

Mchungaji mwenyewe alinipeleka halmashauri, kwa watu wa mazingira. Ilichukua wiki kadhaa, nikazungushwa, rudi kesho, rudi Jumatatu. Mwisho walikuja watu waliofundishwa kazi ile. Walivaa mavazi meupe ya kufunika mwili wote, na vifaa vya kupumulia usoni. Walifunga madirisha kwa nailoni, wakanyunyiza maji kidogo kidogo mpaka kila kitu kikalowa, wakaizoa pamba ile ikiwa imelowa, bodi za dari wakazitoa nzima bila kuvunja, wakavifunga mara mbili kwenye mifuko minene yenye alama, wakavipeleka kufukiwa mahali palipotengwa. Hata mavazi yao waliyavua pale pale wakayafunga mifukoni, hawakuondoka nayo barabarani.

Yona alikuja kutazama. Alisimama ng'ambo ya barabara tangu asubuhi. Aliwaona wanaume wazima wamejifunika hivyo kwa kazi ambayo yeye alitaka kuifanya kifua wazi. Mchana akavuka barabara, akakaa chini karibu nami, hakunitazama. Akauliza, "Na Eliya alikuwa anafagia?" Nikasema, ndiyo, kila kiangazi. Akaweka kichwa magotini. Hakuniomba radhi, na mpaka leo hajaniomba.

Huko Vihingo wapo wanaosema niliwatisha kwa sababu ni mchawi kweli, na nitazeeka na jina hilo. Mama mkwe haipokei shikamoo yangu. Mimi na Tunu tumepigwa picha za vifua; daktari anasema kwa sasa hakuna cha kutisha, tuwe tunarudi kuangaliwa. Usiku mwingine nikikohoa kidogo tu naogopa. Mnaniuliza nimeokolewa na nini basi? Nimeokolewa nisiwe muuaji! Nilikuwa nimekwisha kuwa, kasoro asubuhi moja. Bwana alinitoa huko, na kwa hilo namshukuru kwa kinywa changu chote kichungu. Mtumainini, ndugu zangu, hata mkiwa na hasira. Mimi alinipokea nayo.

Sasa, yeyote hapa mwenye nyumba ya zamani, au mwenye vipande vya paa la zamani la asbesto alivyofunikia banda la kuku, asimame. Usione haya. Usipande juu, usifagie, usivunje, usimpe jirani. Tutakwenda wote halmashauri, nitakusindikiza mimi mwenyewe. Eliya hakuambiwa. Nyinyi mmeambiwa leo, na mchawi wa Pangani.

Simameni basi. Nawahesabu.