Marehemu Muhigirwa Vénuste na Mishale Iliyofutwa

Ndugu waombolezaji, marehemu Muhigirwa Vénuste alizaliwa Bukavu tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa pili wa Mzee Munyemana na Maman Joséphine, akasoma shule ya msingi hukohuko, akarudi Rwanda na wazazi wake mwaka 1995, akamaliza sekondari ya ufundi Kamembe, na uhandisi wa metali Kigali mwaka 2007.

Mwaka 2010 aliajiriwa na karakana ya mashua za chuma hapa Rusizi, na tarehe 6 Agosti 2011 akafunga ndoa na Mukagasana Sandrine, wakajaliwa Reine na Elikia. Kazi yake ilikuwa kupima mabati mapya kwa mawimbi ya sauti, bila kuyakata wala kuyatoboa, kwa kuwa bati lililobanwa na rola chembe zake hulala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, sauti hupita humo kwa kasi tofauti kwa urefu na kwa upana, na likikunjwa upande usiofaa hupasuka. Kila bati alilichorea mshale wa chaki, mafundi wajue walikunje vipi.

Lakini karakana ile ilikuwa na desturi yake, kabla wateja hawajafika mabati yote yanapanguswa kwa mafuta ya taa ili yang'ae, na mishale inakwenda na tambara, mafundi wakabaki kukunja kwa kubahatisha. Vénuste alilalamika mpaka akachoka, na mashua moja ya abiria ilipokuwa ikiundwa akamwambia mwenye karakana mbele ya mafundi wote, kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "Patron, hii mashua itapasuka na bantu ndani," yaani na watu ndani, akachekwa.

Tarehe 3 Februari 2025 mashua hiyo ilipasuka kwenye mkunjo ikielekea kisiwa cha Nkombo, Vénuste akiwamo, akabaki majini akiwasukumia abiria kwenye mitumbwi ya wavuvi mpaka wa mwisho, akashikwa na nimonia, akafariki hospitalini tarehe 19. Hata kabla hatujapata jeneza, karakana ikatangaza redioni kwamba marehemu ndiye aliyekagua mabati yale, kwa hiyo kosa ni lake. Tumekasirika, na hatuoni haya kulisema hilo mbele ya jeneza lake. Alikagua, ndiyo, na waliofuta wanajijua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi matangani, wavuvi wa Nkombo, na mafundi wenzake waliokuja jana kumweleza Mzee Munyemana ukweli, huku wakijua watafukuzwa kazi. Patron ameleta shada kubwa kuliko yote, tunamwomba aondoke nalo.

Papa Reine, pumzika kwa amani, ulibaambia.