Baba Alikufa Akijua Mimi ni Daktari

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, hamjambo. Mmeniomba niseme, nami nitasema, ila nikilia mnivumilie.

Nilisoma shahada ya baiolojia. Siku niliporudi hapa kijijini kwetu Mtinko, baba aliwaambia majirani, "Huyu ndiye daktari wangu." Ndugu zangu, mimi si daktari. Nilisomea viumbe na vijidudu, kutibu mtu sikufundishwa. Lakini alivyokuwa na furaha, nikanyamaza. Miaka miwili nilizunguka na vyeti bila kazi, nyumbani nikisema nasubiri kupangiwa hospitali.

Kisha baba akaanza kukohoa. Mama akimwambia aende zahanati, anajibu, "Nikapange foleni ya nini, na daktari ninaye ndani?" Ananigeukia: "Au sivyo, mwanangu?"

Nikasema, "Ni vumbi la kupura mtama, baba. Litaisha."

Nawaambieni, nilijua kwamba sijui. Nikampa asali na tangawizi.

Alipotema damu tukamkimbiza hospitali, Singida Mjini. Wakasema ni kifua kikuu, na amecheleweshwa sana. Kitandani akaninong'oneza, "Waambie madaktari wenzako wanipe dawa nzuri." Nikaitikia, "Sawa, baba." Siku ya nne akafariki.

Baada ya arobaini nilimweleza mama kila kitu. Alikuwa anapepeta mtama. Nilitegemea anifukuze. Aliweka ungo chini, akasema, "Ungemwambia tu. Angekuwa na binti msomi. Ingemtosha."

Maneno hayo yaliniumiza kuliko msiba wenyewe. Lakini kesho yake nilimfuata muuguzi aliyemhudumia baba, nikamuuliza nilichoona aibu kumuuliza mtu yeyote: elimu yangu hii inafaa kazi gani? Akanikalisha. Akasema wapo wanaofundisha, wapo kwenye utafiti, mbegu, ukaguzi wa vyakula. "Wewe nenda kasomee maabara." Nikaanza upya stashahada, nimekaa dawati moja na watoto wa juzi wa kidato cha nne. Leo napima makohozi kwenye kituo cha afya.

Namshukuru muuguzi yule. Namshukuru mama, yuko pale nyuma, hajaacha kunipikia. Nanyi mlionizikia baba, asanteni.

Vijana, kama kazi huna, sema huna. Kama hujui, sema hujui. Na kama yuko mtu hapa amekohoa wiki mbili, asimsikilize mtoto wake msomi. Aje kesho asubuhi, nitakuwepo.