Jua Halipokei Amri

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mkurugenzi, wahandisi mlioketi kivulini, madereva na vibarua mlioachiwa jua, nawe shemeji yangu na magongo yako: nawasalimu nyote.

Nimepima lami miaka thelathini na moja katika maabara ile yenye dirisha moja, na leo nastaafu. Mmenisifu vya kutosha. Nami nimsifu Mgeni Rasmi, ambaye barabara ya mlimani ilipojengwa alikuwa mhandisi wetu mkuu.

Sampuli ya barabara ile niliipasha hadi nyuzi sitini, maana lami juani hufika huko, nikaipitishia gurudumu la chuma, nenda rudi, nenda rudi. Ikabonyea kina cha kidole gumba. Nilipompelekea matokeo, alicheka.

"Mama, hilo tanuri lako linatia chumvi. Pima kwa nyuzi thelathini."

"Bosi, na jua nalo utaliandikia barua?"

Nikakataa kutia sahihi. Akatia yeye, nami nikahamishiwa stoo kugawa ndoo na mafagio.

Utepe ukakatwa wakati wa baridi. Barabara iling'aa, vifijo vikapigwa! Joto lilipofika, malori yenye shehena yakapanda mlima taratibu, lami ikalainika, kokoto zikahama, matairi yakachimba mifereji miwili. Mvua ikaijaza maji. Shemeji alikuwa akishuka na lori polepole, kama mtu mwenye watoto nyumbani. Gurudumu likaingia mferejini, usukani ukamkataa. Akakatwa mguu.

Nanyi, mabingwa wa kamati ya uchunguzi, mliandika nini? "Uzembe wa dereva." Lami haina kosa, aliyetia sahihi hana kosa, mkosaji ni aliyelazwa hospitalini!

Ndipo nilipokwenda kukata kipande cha lami kando ya mifereji ile, nikakibeba hadi mbele yenu, nikawasha tanuri. Mlisimama mkijifuta jasho mpaka gurudumu likazama. Shemeji akasafishwa jina, barabara ikafumuliwa. Mhandisi mkuu naye akapewa adhabu kali mno: akapandishwa cheo.

Sasa cheti hiki kinasema natunukiwa "kwa utii." Utii upi? Nilikaa stoo miezi minane nimefunga mdomo, nikigawa mafagio, huku nikijua mlima ule utafanya nini. Huo ndio utii wangu wote, na mguu wa shemeji ndio gharama yake. Ndugu Mkurugenzi, pokea cheti chako.

Nawashukuru kwa kunivumilia hadi mwisho. Shemeji, nipe mkono, twende nyumbani.