Marjani na Kuku wa Sinema

Benchi letu liko Bondeni, ng'ambo ya msikiti, na mwenye birika la kahawa ni mimi. Alasiri ile alikuwapo Kemboi wa reli, tunayemwita Taa kwa sababu hubeba taa ya ishara stesheni. Alikuwapo Thuo, fundi wa nguo, ambaye jina lake hapa ni Sindano. Alikuwapo Maalim Rehani, anayefundisha watoto Kurani chuoni. Na mwisho kabisa wa benchi alikaa Marjani, mchinjaji wetu. Mtaa mzima, Mkristo na Mwislamu, humletea Marjani kuku awachinje, ili jirani yeyote akialikwa aweze kula. Lakini tangu gari la sinema lije uwanjani kutuonyesha picha, hakuna aliyemletea hata kifaranga. Ndani ya picha ile mtu wa kanzu na kofia anaiba kuku wa mama mmoja mjane. Mtu huyo ni Marjani.

— Watu wa sinema walinichagua sababu najua kushika kuku asipige kelele, alisema Marjani. Wakaniambia ni mchezo tu. Mwisho wa mchezo nilimrudisha yule kuku, nikamwomba mama msamaha. Wallahi walinipiga picha nikimrudisha.

— Hiyo hatukuona, alisema Taa.

— Wamekata.

Sindano akatikisa kichwa.

— Nani amekusumbua lakini? Sisi tunakujua.

— Milcah pia ananijua. Mwaka wote nanunua maziwa kwake. Leo nimepita sokoni, yeye ameketi na kapu la kuku. Aliponiona akalivuta kapu katikati ya miguu.

— Alisema nini?

— Hakusema. Aliona aibu, akacheka, akaniuliza habari ya watoto. Lakini mkono ulikuwa umeshavuta kapu.

Nilimwongezea kahawa, hakuigusa.

— Mimi naona hivi, alisema Taa. Ile mashine imechukua kivuli chako. Sasa kivuli kinaiba, wewe unalaumiwa. Dawa ni kupata ule utepe wa picha na kuuosha kwa maji ya ziwani, yale ya chumvi.

— Wacha wewe! Sindano akamkatiza. Mimi niliona siku moja utepe ukirudishwa nyuma. Watu wanatembea kinyumenyume! Wauonyeshe hivyo. Marjani anatoa kuku kwa kanzu, anamwekea mama, anaenda zake. Mambo yameisha.

Taa alicheka. Marjani hakucheka, na Sindano alipoliona hilo akatoa pasbuku mfukoni mwa koti, ile ya kitambulisho ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wakikuyu wote kubeba miaka hiyo.

— Usifikiri nafanya mzaha, ndugu yangu. Angalia. Picha yangu hii, niko na ndevu. Nilipozinyoa, askari alinisimamisha pale Free Area. Akaangalia picha, akaniangalia mimi, akasema Thuo ni huyu wa kwa karatasi. Nikamuuliza, na mimi je? Akasema, wewe bado hatujui.

Marjani alimgeukia Maalim.

— Maalim, wewe umenyamaza. Huko chuoni unawaambia nini watoto?

Maalim Rehani alivua kofia akaiweka gotini.

— Miaka yote nimewafundisha kwamba mwenye kutengeneza sanamu ataambiwa siku ya kiyama aitie roho, na hataweza. Nilidhani hatari iko kwa yule mtengenezaji peke yake. Leo asubuhi nimewauliza watoto, mwizi anafananaje? Kijana mmoja akajibu, anavaa kanzu. Na yeye mwenyewe amevaa kanzu, Marjani. Mama yake ndiye aliyemshonea.

— Ukamchapa? aliuliza Taa.

— Nimchapie nini? Amesema alichoona. Nilikuwa nimewafundisha kuinamisha macho wasione mabaya. Sikuwafundisha kuuliza nani amewaonyesha, na kwa nini. Nikawapeleka wote nyumbani kwa Marjani wamsalimie, mmoja mmoja, kwa mkono.

— Walikuja, alisema Marjani polepole. Yule mdogo hakutaka kunishika.

— Atakushika. Utawapita hapa kila siku, watakuona na wewe mwenyewe utawaona. Mtaa huu unakujua. Picha haiwezi kushinda mtaa.

Tulikubali wote. Taa akasema kweli kabisa, Sindano akampiga Marjani begani, na mimi nikaona uso wake unafunguka kidogo.

Nyuma yetu alikuwa amesimama mama mmoja na mzigo wake, anangoja basi. Alikuwa amekuja kununua kahawa, akabaki kusikiliza.

— Samahani, wazee, alisema. Mimi naitwa Jepkorir, natoka Sachangwan. Hiyo gari ya sinema, wametangaza inakuja kwetu Jumamosi.

— Eeh, mama, alisema Maalim.

— Huko kwetu hakuna mtu wa kanzu, na huyu hatumjui. Sasa sisi tutajuaje kama si mwizi?

Sindano alirudisha pasbuku mfukoni, akafunga kifungo. Mimi nilimmiminia mama kahawa yake.

Marjani ndiye aliyesogea. Alijibana kwa Maalim mpaka pakapatikana nafasi, akaipangusa kwa kiganja.

— Basi lako linatoka saa ngapi, mama?

— Bado. Wanasema mpaka lijae.

— Basi keti, alisema. Mimi naitwa Marjani.